Kuchagua programu ya VPN ya simu, hatua kwa hatua

Andika herufi tatu, VPN, kwenye duka la programu la simu yako uone kitakachotokea. Zitamiminika ngao za buluu, kufuli za kijani, simba, dubu na maroketi, kila moja na nyota zake nne na nusu, kila moja ikijinadi kuwa ya kasi, salama na ya bure. Ukizisoma zote utatoka pale kama ulivyoingia. Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo akakwama.

Kwanza tukubaliane VPN inafanya nini. Bila VPN, kila unapofungua tovuti, mtoa huduma wako wa intaneti anaona simu yako imeita anwani gani, saa ngapi, na data kiasi gani imepita. Yaliyomo ndani ya ukurasa haoni, kwa sababu tovuti nyingi siku hizi hutumia HTTPS, yaani husimba yanayopita kati ya simu na tovuti, lakini jina la tovuti kwa kawaida analiona. Ukiwasha VPN, simu inasimba kila kitu (inakigeuza kisisomeke na wengine) na kukipitisha kwenye handaki moja hadi kwenye seva ya kampuni ya VPN. Huko data inafunguliwa na kuendelea na safari yake. Mtoa huduma sasa anaona handaki tu, na tovuti inaona anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni) ya seva badala ya yako.

Na mwenye seva je? Yeye anaona yote yale ambayo mtoa huduma alikuwa akiyaona.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mtu wa katikati hajaondoka, amebadilishwa. Kila hatua iliyo hapa chini, hata zile za mipangilio na betri, inarudi kwenye swali moja: huyu mpya nina sababu gani ya kumwamini kuliko wa zamani?

Hatua ya 1: Taja sababu yako, iwe moja

Chukua karatasi uandike kwa sentensi moja unataka VPN ya nini. Usiandike "usalama", maana hilo halikusaidii kuchagua. Andika kitu kinachoonekana: natumia Wi-Fi za hotelini na viwanja vya ndege, sitaki mtoa huduma ajue tovuti ninazotembelea, nataka kufikia mafaili yaliyo kwenye kompyuta yangu ya nyumbani nikiwa safarini, kazini wamesema bila VPN siingii kwenye mfumo wao.

Sababu mbili za mwisho zinamaliza utafutaji mapema. Ya kazini, mwajiri ndiye anayechagua programu, na wewe unaweka ile uliyopewa na mtu wa IT. Kumbuka tu kwamba handaki hilo linaishia kwa mwajiri, basi mambo yako binafsi yafanyie nje yake. Ya nyumbani, huhitaji kampuni yoyote: unahitaji seva yako mwenyewe au ruta inayokubali WireGuard (moja ya njia za kuchimba handaki), na programu tupu ya kuunganisha. Tutaifikia.

Kuna mambo ambayo VPN haiyafanyi, hata tangazo likisema nini. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google au Facebook, wanajua ni wewe, handaki liwepo lisiwepo. Mahali ulipo simu inapajua kwa GPS, na programu uliyoipa ruhusa ya mahali itaendelea kupaona hata kama IP yako inaonyesha Uholanzi. Virusi haiviui. Ujumbe wa tapeli unaokuomba nenosiri utapita handakini salama salimini, tena umesimbwa vizuri.

Suala la sheria usiliruke. Uchina huduma za VPN zisizo na kibali zimekatazwa, na Julai 2017 Apple iliondoa programu nyingi za aina hiyo kwenye duka lake la huko. Huko Urusi nako Apple iliondoa baadhi ya programu za VPN dukani Julai 2024. India ilitoa agizo mwaka 2022 la kuwataka watoa huduma wa VPN watunze taarifa za wateja kwa miaka mitano, na kampuni kadhaa kubwa zikaziondoa seva zao nchini humo. Soma sheria ya unakoishi na ya unakokwenda kabla ya kupanda ndege, kwa sababu ukishafika huenda hata tovuti ya kuipakua programu isifunguke.

Hatua ya 2: Jua kuna aina tatu za programu

Watu wengi wanadhani programu ya VPN na huduma ya VPN ni kitu kimoja. Ni vitu viwili. Programu ni ile inayochimba handaki upande wa simu, huduma ni seva zilizo upande wa pili. Zinaweza kutoka kwa watu tofauti.

Aina ya kwanza imo ndani ya simu tayari. iPhone ina IKEv2, njia nyingine ya kuchimba handaki, kwenye mipangilio yake, na Android nayo inayo tangu toleo la 11. Unaandika anwani ya seva, jina la mtumiaji na nenosiri au cheti, basi. Haina matangazo wala haiombi ruhusa zozote, lakini inakutaka uwe na seva na uelewe unachokijaza.

Aina ya pili ni programu za jumla: WireGuard, OpenVPN Connect, strongSwan. Hizi hazina seva zake. Unaleta faili la mipangilio, au unaskani msimbo wa QR, nazo zinaunganisha. Programu ya WireGuard ina sura ya kimasikini kabisa, jina la handaki na swichi ya kuwasha, na mimi naipendea hilohilo. Huduma nyingi za kulipia zinakuruhusu kupakua faili la WireGuard kutoka kwenye akaunti yako, kwa hiyo unaweza kutumia seva zao bila kuweka programu yao kwenye simu.

Aina ya tatu ndiyo iliyojaa dukani: programu ya kampuni yenyewe, yenye ramani ya dunia na kitufe kikubwa katikati. Inakupa urahisi, orodha ya nchi, na kinga za ziada tutakazozizungumzia. Kwa mtu asiyetaka kushughulika na mafaili, hii ndiyo yake. Ila ndiyo pia inayohitaji uchunguzi mrefu kuliko zote, kwa sababu unampa mtu mmoja seva na programu kwa pamoja.

Hatua ya 3: Angalia itifaki, kwa macho ya mtu wa simu

Itifaki ni kanuni ya jinsi handaki linavyochimbwa. Kompyuta ya mezani inakaa kwenye mtandao mmoja siku nzima. Simu haitulii: umetoka nyumbani kwenye Wi-Fi, ukashika data njiani, ukaingia kwenye lifti mtandao ukapotea, ukafika ofisini ukashika Wi-Fi nyingine. Kila mara anwani ya IP inabadilika. Itifaki nzuri ya simu ni ile isiyoanguka kila hilo linapotokea.

WireGuard ndiyo ninayoianza nayo. Iliandikwa na Jason Donenfeld na ikaingizwa ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux toleo 5.6, Machi 2020. Msimbo wake wa awali ulikuwa kama mistari 4,000 tu, kiasi ambacho mkaguzi mmoja mvumilivu anaweza kukisoma chote. Kwa simu ina tabia mbili za kupendeza: kama huna data ya kutuma inanyamaza kimya bila kula betri, na ukibadilisha mtandao inaendelea palepale, kwa kuwa seva inakutambua kwa ufunguo wako na si kwa anwani uliyotoka nayo.

IKEv2 nayo inafaa. Ina nyongeza iitwayo MOBIKE, iliyosanifiwa mwaka 2006 kwa ajili ya kifaa kinachohamahama, hivyo kutoka Wi-Fi kwenda data hakuikatishi. Udhaifu wake ni kwamba inatumia milango (njia za data zenye namba) ya UDP 500 na 4500, na mitandao mingi ya hoteli na vyuo huifunga hiyo.

OpenVPN ni mzee wa kazi, ipo tangu 2001. Inaelekea kuwa ya polepole zaidi kwenye simu na inakula betri zaidi, lakini ina karata moja: inaweza kupita TCP 443, mlango uleule wa tovuti za HTTPS, na kwa hiyo hupenya mahali ambapo wenzake wamezuiwa. Iweke kama akiba.

PPTP ikiwa bado imo kwenye orodha ya programu unayoitazama, funga ukurasa huo. Mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba uthibitishaji wake unavunjwa ndani ya siku moja, Apple ikaiondoa kwenye iOS 10 mwaka 2016, na Android 12 haikuruhusu tena kuunda miunganisho mipya ya aina hiyo. Kampuni inayoiuza leo imelala usingizi mzito.

Kuna pia itifaki zenye majina ya kampuni, ambazo nyingine ni WireGuard iliyovalishwa koti. Jina jipya si kosa, lakini ulizia ndani kuna nini. Kama maelezo hayapo, chagua WireGuard kwenye mipangilio ukae nayo.

Hatua ya 4: Mchunguze mwenyewe mwenye programu

Hapa tenga jioni nzima. Hatua nyingine ukizikosea utazirekebisha kesho, hii ukiikosea utakuwa umeshampa mtu asiyejulikana orodha ya kila tovuti uliyofungua.

Nitataja visa vichache ili uone sizungumzii hofu za kufikirika. Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Onavo, yenye programu ya VPN ya simu iliyojinadi kuwa inalinda data za mtumiaji. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba Facebook ilikuwa ikiangalia kupitia hiyo ni programu zipi za washindani wake watu wanazitumia na kwa muda gani. Ikaondolewa kwenye duka la Apple Agosti 2018, na Google Play mwaka uliofuata. Mwaka 2023 mahakama ya Australia iliziamuru kampuni mbili tanzu za Facebook zilipe jumla ya dola milioni 20 za Australia kwa kuwapotosha watumiaji. Mlinzi ndiye aliyekuwa akihesabu mali.

Mwaka 2015 ilibainika kuwa Hola, huduma ya bure yenye mamilioni ya watumiaji, ilikuwa ikiuza intaneti ya watumiaji wake kupitia kampuni dada: mgeni analipa, na shughuli zake zinatokea kwenye anwani ya IP ya mtumiaji. Akifanya uhalifu, anayeonekana ni wewe.

Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya CSIRO ya Australia, walipima programu 283 za Android zinazoomba ruhusa ya VPN. Asilimia 18 hazikusimba data kabisa. Asilimia 84 zilivujisha data ya IPv6 (mfumo mpya wa anwani za IP) na asilimia 66 zilivujisha DNS, yaani majina ya tovuti yalitoka nje ya handaki. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 75 zilibeba vifuatiliaji vya watu wengine. Utafiti huo una umri sasa, na programu nyingi kati ya hizo zimekufa, lakini biashara iliyozizaa haijafa.

Basi uliza maswali haya, moja baada ya jingine, na usiendelee mpaka upate jibu.

Mwenyewe ni nani? Ingia kwenye tovuti ya kampuni utafute jina lililosajiliwa, nchi, na watu wanaoiongoza. Mara nyingi utagundua chapa tatu au nne zinazoshindana dukani ni za mmiliki mmoja. ExpressVPN, kwa mfano, ilinunuliwa mwaka 2021 na Kape Technologies, ambayo tayari ilikuwa na CyberGhost na Private Internet Access. Hilo peke yake si dhambi. Lakini ukihama kutoka moja kwenda nyingine kwa sababu humwamini mmiliki, ujue umehama chumba, nyumba ni ileile. Na kama tovuti haina jina la mtu wala anwani, bali fomu ya mawasiliano tu, acha.

Pesa inatoka wapi? Seva zinalipiwa kila mwezi. Kama wewe hulipi, kuna anayelipa, na unapaswa kumjua. Bure yenye maelezo ipo: Proton VPN, kwa mfano, ina kiwango cha bure kisicho na kikomo cha data, na wanaolipia ndio wanaokibeba, huku wa bure wakipata seva chache. Bure isiyo na maelezo ndiyo ya kuogopa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa hata chungu unaweza usikione tena.

Inahifadhi kumbukumbu gani? Kila mmoja ataandika "hatuhifadhi". Julai 2020 huduma saba zilizokuwa zikiandika hivyohivyo zilikutwa zimeacha wazi mtandaoni hifadhidata iliyojaa kumbukumbu za watumiaji wao. Kwa hiyo neno la kampuni halitoshi, tafuta ushahidi wa nje. Upo wa aina mbili. Mmoja ni ukaguzi wa kampuni huru, na ripoti iwe imechapishwa uweze kuisoma: tazama tarehe, na tazama walikagua nini, kwa sababu wengine hukagua programu ya kivinjari tu kisha wakatangaza "tumekaguliwa". Wa pili, ulio adimu na wenye uzito kuliko wote, ni pale mamlaka zilipokwenda kuchukua data zikakuta hakuna. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisi za Mullvad mjini Gothenburg na hati ya upekuzi, wakaondoka mikono mitupu kwa kuwa taarifa walizozitaka hazikuwepo. Mullvad hata barua pepe haikuulizi, unapewa namba ya akaunti tu.

Msimbo wa programu uko wazi? Programu ya msimbo wazi si lazima uisome wewe. Inatosha kwamba wengine wanaweza kuisoma na kupiga kelele.

Nyota na maoni ya dukani usiyape uzito. Orodha za "VPN kumi bora" nazo zisome ukijua kwamba nyingi hulipwa kamisheni kwa kila anayejiunga kupitia kiungo chao, na baadhi ya tovuti hizo zinamilikiwa na kampuni zilezile zinazouza VPN.

Hatua ya 5: Pakua ile halisi, kisha tazama inaomba nini

Majina yanaigwa. Usitafute dukani kwa jina, nenda kwenye tovuti ya kampuni ubofye kiungo chao cha dukani, halafu uhakikishe jina la msanidi ni lilelile. Google Play tangu Januari 2025 huweka alama ya uthibitisho kwa baadhi ya programu za VPN zilizopita ukaguzi wa usalama. Ni dalili njema, haichukui nafasi ya hatua ya 4. Faili la APK (la kuweka programu ya Android bila kupitia dukani) ulilotumiwa kwenye kikundi cha WhatsApp lifute.

Mara ya kwanza unapowasha, simu yenyewe itakuuliza kama unairuhusu programu hii kuunda muunganisho wa VPN. Hiyo ni ya lazima. Ruhusa ya arifa ni ya kawaida. Ya mahali ina maelezo yake: Android haimwambii msanidi jina la Wi-Fi uliyopo bila ruhusa hiyo, kwa hiyo programu inayojiwasha ukiingia Wi-Fi ngeni inaweza kuiomba kwa nia njema. Ikatae, uone kama kazi nyingine zinaendelea. Ila majina ya simu, SMS, maikrofoni, rekodi za simu? Hakuna handaki linalohitaji vitu hivyo. Na ikikuomba uweke cheti cha usalama cha mzizi kwenye simu, kataa papo hapo na uiondoe, maana mwenye cheti hicho anaweza kufungua hata HTTPS yako. Vyeti vya namna hiyo huwekwa kwenye simu za kazi, na mwajiri hukwambia.

Hatua ya 6: Funga mianya

Handaki likikatika ghafla, simu kwa kawaida hairudi nyuma kukuuliza. Inaendelea kutuma data njia ya wazi, wewe ukidhani umefunikwa.

Kwenye Android, ingia mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, kisha VPN, gusa alama ya gia pembeni ya jina la programu. Utaona swichi mbili. Ya kwanza huiweka VPN iwe imewashwa kila wakati. Ya pili huzuia muunganisho wowote usiopita VPN. Washa zote mbili. Ya pili ipo tangu Android 8, na ni imara kuliko kinga inayofanana nayo ndani ya programu, kwa sababu inashikiliwa na mfumo wenyewe. Hata hivyo si ukuta wa chuma: Oktoba 2022 Mullvad walionyesha kwamba Android hutuma nje ya handaki vipimo vyake vya kuangalia kama mtandao upo, hata swichi hiyo ikiwa imewashwa.

iPhone haikupi swichi hizo mbili. Utakuta uunganishaji wa kujiwasha inapohitajika, ambao programu nyingi hukuwekea, na baadhi zina kinga yao ya ndani. Machi 2020 Proton walieleza kwamba iOS haikuwa ikifunga miunganisho iliyokuwa wazi kabla VPN haijawashwa, basi baadhi yake iliendelea nje ya handaki. Dawa ya mtumiaji ni rahisi ingawa haikuhakikishii kila kitu: washa VPN, washa hali ya ndegeni, izime, ili simu ianze upya miunganisho yake.

Mei 2024 kulitangazwa shambulio lililopewa jina TunnelVision. Mwenye Wi-Fi mwovu hutumia kifungu namba 121 cha DHCP, utaratibu ambao mtandao hutumia kuipa simu anwani yake, kuiambia simu ipitishe data nje ya handaki, huku VPN ikionyesha imeunganishwa. Android haikuathirika kwa sababu haikitambui kabisa kifungu hicho. Ni mara chache kukosa kitu kunakuwa kinga. Kwa wenye iPhone, ukiwa mahali usipopaamini na una jambo nyeti, acha Wi-Fi utumie data ya simu.

Kero moja utakutana nayo: Wi-Fi ya hotelini yenye ukurasa wa kuingia. Ukurasa haufunguki kwa sababu swichi ya kuzuia inaufungia nje. Zima VPN na swichi hiyo, ingia, washa tena, kisha ndipo ufungue mambo yako.

Hatua ya 7: Ijaribu mtaani, usiijaribie kitandani

Chukua programu mbili zilizovuka hatua zote, kila moja uiishi nayo siku tatu. Android na iPhone huruhusu handaki moja tu la namna hii kwa wakati, kwa hiyo zipokezane.

Anza na uvujaji. VPN ikiwa imezimwa, fungua tovuti ya kupima IP, andika anwani ya IPv4 na ya IPv6 kama ipo, na seva za DNS. Washa, pima tena. Kitu chochote cha zamani kikionekana, hata IPv6 peke yake, programu imeanguka mtihani.

Halafu pima kukatika. Cheza muziki au piga simu ya mtandaoni, zima Wi-Fi ghafla ushike data, kisha rudi. Ingia mahali pasipo na mtandao, toka, hesabu sekunde mpaka irudi. Nilikuwa na programu moja ya kulipia, yenye sifa nzuri kila nilikosoma, ambayo ikitoka Wi-Fi kwenda data ilibaki ikizunguka kiduara mpaka niizime na kuiwasha kwa mkono. Kwenye meza ya nyumbani ilikuwa haina kasoro. Nilivumilia miezi miwili kabla ya kukubali kwamba nilikuwa naizima zaidi ya kuiwasha, na VPN unayoizima haina faida.

Kasi ipime kwa seva iliyo karibu nawe. Data ikizunguka nusu ya dunia itachelewa, hilo si kosa la mtu. Usishangae namba ikishuka kidogo. Angalia kama unachokifanya kila siku kinaenda.

Bando nalo litaliwa kidogo zaidi. WireGuard huongeza baiti 60 kwa kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) juu ya IPv4, na pakiti kubwa hubeba baiti 1,420 hivi, basi ni kama asilimia nne juu ya kupakua kwa kawaida. Pakiti ndogondogo, kama za simu za sauti, hubeba mzigo huo kwa uwiano mkubwa zaidi. Yeyote anayekuahidi kwamba VPN itakupunguzia bando muulize anafanyaje, kwa kuwa data iliyosimbwa haibanwi njiani.

Betri itazame siku ya tatu kwenye orodha ya matumizi. Wakati mwingine mfumo huandikia VPN data na nguvu zilizotumiwa na programu nyingine zote, kwa sababu kila kitu kimepitia kwake, kwa hiyo linganisha siku nzima kwa siku nzima badala ya kusoma asilimia ya programu peke yake.

Mwisho, fungua programu za benki na malipo. Baadhi hukataa anwani za VPN. Kwenye Android programu nyingi za VPN zina orodha ya kuchagua nini kisipite handakini, ukaweka benki humo. Kwenye iPhone mgawanyo wa programu kwa programu umeachiwa simu zinazosimamiwa na taasisi, kwa hiyo utalazimika kuzima na kuwasha.

Hatua ya 8: Lipa kwa mwezi kwanza

Bei ya miaka miwili inavutia, na punguzo lenye saa inayohesabu kurudi nyuma huwa linarudi wiki ijayo. Lipa mwezi mmoja. "Lipa mara moja utumie maisha" kataa kabisa: seva ni gharama ya kila mwezi, na maisha yanayotajwa pale huwa ni ya kampuni.

Soma idadi ya vifaa unavyoruhusiwa, na kama bei ya mwaka wa pili ni ileile. Mara nyingi siyo. Ukilipia kupitia duka la Apple au Google, kufuta programu hakusitishi malipo. Mimi nililipa miezi minne programu ambayo haikuwa tena kwenye simu yangu. Nenda kwenye usajili ndani ya akaunti yako ya dukani usitishe huko, chukua picha ya skrini yenye tarehe.

Kisha safisha. Ile iliyoshindwa iondoe, na kwenye iPhone ingia mipangilio ya jumla, sehemu ya VPN na usimamizi wa kifaa, uone kama imeacha wasifu wake humo, ukiukuta, ufute. Kwenye Android rudi kwenye ukurasa wa VPN uhakikishe jina lililobaki ni moja, na swichi zake mbili zimewashwa.